Kosa Linalomfuata Mtu

Sisi wanadamu tuna desturi ya kumpima mtu kwa mambo yanayomfuata. Mtu akihamia kijiji kimoja akakosana na majirani, tunasema ni bahati mbaya. Akihamia kijiji cha pili akakosana nao tena, tunaanza kunong'onezana. Akifika kijiji cha tatu na mambo yakawa yale yale, hukumu inatoka bila kikao: "Vijiji vimebadilika, majirani wamebadilika, ambacho hakikubadilika ni yeye. Basi kosa ni lake." Hoja hii inaonekana imekamilika, tena ina sura ya kisayansi. Umebadilisha vitu vyote ukabakiza kimoja. Hicho kilichobaki ndicho chanzo. Nani atabisha?

Mimi nataka kubisha. Wala sitabisha kwa maneno ya vitabuni, bali kwa mambo niliyojifunza katika kazi yangu, ambayo ni kuhudumia kompyuta za maofisi katika mji wa Mbinga na katika vituo vya mwambao wa Ziwa Nyasa, kuanzia Lituhi hadi Mbamba Bay. Msomaji asiyejua kompyuta asiogope. Nitaeleza kiasi kinachohitajika tu, kwa kuwa swali ninalolifuata si la mitambo. Ni swali la haki: je, kosa linalomfuata mtu kila aendako ni lazima liwe la mtu huyo?

Watu wengi hudhani kwamba kompyuta iliyo mezani kwa karani ndiyo inayofanya kazi. Katika ofisi nyingi sivyo. Mezani pana kioo, kibodi na kisanduku kidogo tu. Hesabu zenyewe zinafanyika katika mashine moja kubwa iliyofungiwa chumbani, pengine katika mji mwingine kabisa, na makarani kumi au ishirini wanaitumia kwa pamoja, kila mmoja akiona kioo chake kana kwamba mashine ni yake peke yake. Mashine hiyo tunaiita seva. Mtindo huu si mpya. Mwaka 1961, katika chuo cha MIT huko Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo wao ulioitwa CTSS, ambao uliwawezesha watu kadhaa kutumia kompyuta moja kwa wakati mmoja. Mwaka 1995 kampuni ya Citrix iliuza programu ya WinFrame, iliyoleta jambo hilo hilo katika Windows, na mwaka 1998 Microsoft nao wakatoa toleo lao la Windows NT 4.0 kwa kazi hiyo.

Kwetu sisi mtindo huu una faida iliyo wazi. Visanduku vya mezani ni rahisi, umeme ukikatika kilichopotea ni kidogo, na hesabu za vituo vyote zinakaa mahali pamoja. Halmashauri zetu nazo zimepita njia ya namna hiyo. Zilitumia mfumo wa Epicor, kisha ule wa serikali uitwao MUSE, na mhasibu aliyeko Mbinga au Mbamba Bay huandika katika kitabu ambacho hakimo ofisini mwake. Lakini kila chenye faida kina gharama yake, na gharama ya kushirikiana ni kwamba jambo la mmoja na jambo la wote huchanganyika, na wakati mwingine ni vigumu kuyatenganisha.

Programu nyingi za biashara zilitungwa kwa ajili ya mtu mmoja mwenye mashine moja. Zikiwekwa mahali penye watu wengi, hushikana mashati. Corbató mwenyewe alisimulia kisa cha CTSS katika miaka ya 1960. Wasimamizi wawili walikuwa wanahariri mafaili mawili kwa wakati mmoja: mmoja alishika tangazo la siku, mwingine alishika orodha ya maneno ya siri ya watumiaji wote. Programu waliyoitumia ilikuwa imetungwa kwa kudhani kwamba mhariri ni mmoja tu, hivyo mafaili yake ya muda yalipewa jina lile lile daima. Mafaili yakabadilishana nafasi. Kila aliyeingia katika mashine siku hiyo, badala ya kusoma tangazo, alisomewa maneno ya siri ya watu wote. Tukiuliza ni yupi kati ya wale wawili aliyekosea, jibu ni kwamba hakuna. Kila mmoja alifanya kazi yake vizuri. Kosa lilikuwa katika dhana iliyoandikwa kabla hawajafika.

Sasa tuje kwenye kiini. Kama mashine ni moja na watu ni wengi, inajuaje nani anataka nini? Huyu anataka herufi kubwa kwa kuwa macho yamechoka. Yule anachapisha kwenye printa ya ghalani, na mwenzake kwenye printa ya ofisini. Kwa hiyo seva humwekea kila mtumiaji faili lake la mipangilio. Akiandika jina lake na neno lake la siri, faili hilo hufunguliwa na mashine hujigeuza ili imfuate yeye. Akikaa meza ya kwanza, faili li pamoja naye. Akikaa meza ya kumi, li pamoja naye. Akiteremka hadi ziwani na kuingia kutoka huko, linamfuata kama kivuli.

Jambo la kuzingatia ni kwamba faili hili hatungi mwenyewe. Siku ya kwanza anapoingia, seva huchukua faili la mfano, lililokuwamo tangu mashine ilipofungwa, hulinakili na kuliandika jina lake. Programu za zamani za biashara hufanya vivyo hivyo: mara ya kwanza mtu anapozifungua, hunakili mafaili yao madogo ya mipangilio na kuyaweka katika sehemu yake. Kuanzia hapo kila mmoja ana nakala yake. Mfano ukiwa na kasoro, kila anayesajiliwa huirithi. Waliotangulia, ambao nakala zao zilikwisha kurekebishwa kwa mkono zamani, hawana kasoro hiyo, wala hawakumbuki kwamba waliwahi kuwa nayo.

Anayeujua Umatengo ataelewa haraka kwa mfano wa ngoro. Katika miteremko mikali ya Mbinga wakulima hukata nyasi, huzilaza chini kwa mistari inayokatana kama wavu, kisha huzifunika kwa udongo wanaouchimba katikati ya kila chumba. Yanabaki mashimo mengi yaliyopangana mlima mzima, na mvua inaponyesha maji hutulia mashimoni badala ya kuporomoka na udongo. Kila shimo lina kingo zake, lakini mlima ni mmoja. Kingo za juu zikibomoka, maji yanamwangukia wa chini. Mpita njia akiliona shamba la chini limesombwa atasema mwenye shamba ni mvivu. Hakupanda juu kutazama.

Nitatoa kisa kimoja. Chama sitakitaja wala watu wake, kwa kuwa nia yangu si kumwaibisha mtu. Kilikuwa chama cha wakulima wa kahawa milimani, chenye seva moja na makarani saba. Msimu mmoja kiliajiri karani mpya, mama wa makamo kutoka upande wa Liuli, aliyekuwa amezoea kuandika hesabu za duka huko ziwani. Kazi yake ilikuwa kuingiza stakabadhi za wakulima: jina, kilo, na tarehe ya kupokea. Msimu ulipokaribia kwisha, hesabu hazikuoana. Daftari la fedha lilionyesha wakulima wamelipwa, lakini ripoti ya msimu haikuonyesha kahawa waliyoleta. Kwa maneno mengine, ilionekana kwamba fedha zimelipwa kwa kahawa ambayo haikuwapo. Na stakabadhi zote zilizopungua zilikuwa zimeingizwa kwa jina la mama huyo.

Mwenyekiti wa chama hakuwa mtu mwonevu. Nataka hilo lieleweke. Alifanya uchunguzi, tena wa akili. Alimhamisha mama yule akakaa meza nyingine, makosa yakamfuata. Alimweka karani mwingine kwenye meza yake ya kwanza, makosa hayakutokea. Akahitimisha kama ambavyo mimi na wewe tungehitimisha: mashine ni nzima, meza ni nzima, wenzake sita hawana tatizo, basi ni yeye. Walianza kusema maneno mengine pia, kwamba watu wa ziwani wanajua usipa, kahawa hawaijui. Kwamba mgeni hachelewi kuonyesha tabia. Nilipoitwa, sikuitwa kutafuta ukweli. Niliitwa nichapishe orodha ya stakabadhi hizo ili ipelekwe polisi.

Nilimwamkia mzee, nikaomba siku moja. Nilimwuliza mama yule kama aliwahi kuona jambo lolote la ajabu.

"Kaka fundi," alisema, "siku nyingine naandika tarehe, inageuka yenyewe. Nilisema mwezi wa saba. Niliambiwa wewe bonyeza tu."

Nikachukua stakabadhi moja ya karatasi, yenye saini ya mkulima, ya tarehe 5 Julai. Nikamwomba aifungue katika kioo chake, na mhasibu aifungue hiyo hiyo, namba ile ile, katika kioo chake yeye. Kwa mama iliandikwa 05/07. Kwa mhasibu iliandikwa 07/05. Mhasibu alisimama, akaenda kutazama kioo cha mama, akarudi kwake, akaenda tena. Walikuwa wanatazama kumbukumbu moja katika mashine moja, kila mmoja kwa macho mazima, na wote wawili walisema kweli.

Maelezo yake ni haya. Sisi huandika siku kwanza, kisha mwezi. Wamarekani huandika mwezi kwanza, kisha siku. Katika Windows mpangilio wa tarehe ni mali ya mtumiaji, umo katika faili lake, na faili la mfano la seva ile lilikuwa la Kimarekani. Makarani wa zamani walikwisha kurekebishiwa miaka iliyopita. Mama alipoandika 05/07, akimaanisha Julai 5, programu ilielewa Mei 7, kisha ikamwonyesha 05/07 kwa desturi yake ya Kimarekani, hivyo yeye aliona kile kile alichokiandika. Alipoandika 13/07, programu iliona kwamba hakuna mwezi wa kumi na tatu, ikajigeuza kimyakimya ikaelewa Julai 13, ila ikaonyesha 07/13. Hapo ndipo tarehe "ilipogeuka yenyewe". Ajabu ni kwamba alilalamikia tarehe zilizoingia sawasawa. Zile zilizopotoka zilimjia na sura ya usalama.

Tukapiga hesabu. Ripoti ya msimu ilichukua stakabadhi za Juni hadi Oktoba. Katika Julai, zile za tarehe 1 hadi 5 ziliruka zikaingia Januari hadi Mei, na zile za tarehe 11 na 12 ziliingia Novemba na Desemba. Siku saba zikawa zimetoka nje ya ripoti. Tarehe 6, 8, 9 na 10 zilihamia miezi mingine ya msimu, na tarehe 7 ilisalimika kwa kuwa ni mwezi wa saba pia. Kila mwezi wa msimu ulikuwa na siku zake saba zilizopotea. Tulipozitafuta huko zilikokwenda, tulizikuta zote, kilo kwa kilo.

Lakini kabla ya kupiga hesabu hizo nilifanya jaribio moja ambalo mwenyekiti hakulifanya, na ndilo ninalotaka msomaji alikumbuke. Nilimsajili mtumiaji asiyekuwapo. Nilimwita Majaribio, seva ikamkatia nakala kutoka faili la mfano, nami nikaingiza stakabadhi kwa jina lake. Majaribio akakosea vile vile. Hakuwa na kabila, hakuwa wa ziwani wala wa milimani, hakuwa na shida ya fedha wala tabia mbaya, na bado alikosea makosa ya mama yule, herufi kwa herufi.

Hapo ndipo hoja niliyoanza nayo inapovunjika. Tunaposema "tumebadilisha vyote, amebaki yeye", tunasahau kwamba kilichobaki si yeye peke yake. Amebaki yeye pamoja na kile kilichoandikwa juu yake. Viwili hivi husafiri pamoja, na kwa mtazamaji wa nje ni kitu kimoja. Lakini kimoja ni mtu mwenye nia na dhamira, na kingine ni maandishi yaliyotungwa na wengine, pengine kabla hajafika, pengine na mtu aliyekwisha kuondoka. Na kuna tofauti kubwa zaidi: yeye mwenyewe hawezi kuyasoma. Mama yule hakuwa na ruhusa ya kufungua faili lake la mipangilio, wala hakujua kwamba lipo. Alitakiwa ajitetee dhidi ya ushahidi uliokuwa mikononi mwa wanaomshtaki.

Najua nitapingwa. Ataniambia mtu: "Ndugu yangu, unawafundisha wezi maneno." Na pingamizi hili nalipa uzito wake. Ni nani kati yetu ambaye hajasimama dirishani akaambiwa mtandao uko chini, kumbe aliyechoka ni mtumishi? Wapo wanaoiba na kuusingizia mfumo. Kama kila mshtakiwa atasema "ni mashine", na sisi tukaitikia, basi hakuna hesabu itakayosimama, na atakayeumia ni mkulima yule yule tunayedai kumtetea.

Lakini sisemi kwamba mashine ndiyo ina kosa daima. Nasema kwamba kati ya mtu na mashine, mzigo wa kuchunguza haugawanywi sawasawa. Aliye na ufunguo wa kulifungua faili ndiye mwenye wajibu wa kulifungua kabla ya kuhukumu. Asiye na ufunguo hawezi kudaiwa aeleze kilichomo. Kanuni hii haimsaidii mwizi hata kidogo. Faili likifunguliwa na kuonekana ni safi, mwizi amebaki uchi zaidi kuliko mwanzo, maana amenyang'anywa kisingizio chake. Anayenufaika na kutofungua faili ni yule tu ambaye hataki kusumbuka.

Kuna mahali ambapo kanuni hii ilipuuzwa kwa kiwango cha taifa zima. Huko Uingereza, mwaka 1999, shirika la posta lilianza kutumia mfumo wa hesabu uitwao Horizon, uliohudumiwa na kampuni ya Fujitsu. Wasimamizi wa posta ndogo za vijijini na mijini walianza kuona upungufu wa fedha ambao hawakuweza kuueleza. Wengi wao, walipopiga simu kulalamika, waliambiwa kwamba hakuna mwingine mwenye tatizo hilo. Kati ya 1999 na 2015 zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani kwa wizi, udanganyifu na hesabu za uongo. Wengine walifungwa, wengine walifilisika, wengine walikufa kabla ya kusafishwa. Mwaka 2019 Mahakama Kuu, katika kesi iliyoongozwa na Alan Bates, ilikubali kwamba mfumo ulikuwa na kasoro zilizoweza kusababisha upungufu huo, na kwamba watumishi wa Fujitsu waliweza kuingia katika hesabu za posta wakiwa mbali. Mwaka 2024 Bunge lilipitisha sheria ya kufuta hukumu hizo kwa pamoja.

Angalia neno lile: "hakuna mwingine mwenye tatizo hilo." Ni neno lile lile la mwenyekiti wetu: wenzake sita hawana tatizo. Tena sheria ya Kiingereza nayo ilikuwa imelegezwa. Hadi mwaka 2000 ilimtaka anayeleta ushahidi wa kompyuta athibitishe kwamba kompyuta ilikuwa inafanya kazi sawasawa. Sharti hilo likafutwa, na ikawa kompyuta inadhaniwa kuwa nzima mpaka mwingine athibitishe kinyume. Mwenye posta ndogo kijijini angethibitisha kwa nini? Hapa kwetu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaitaka mahakama, inapoupima ushahidi wa kielektroniki, iangalie namna kumbukumbu ilivyotengenezwa na kutunzwa. Ni maneno mazuri. Lakini kabla jambo halijafika mahakamani linapita ofisini, na ofisini hakimu ni mwenyekiti mwenye haraka na fundi mwenye safari.

Basi niseme neno kuhusu mafundi wenzangu. Katika kazi hii kuna dawa moja inayoponya karibu kila ugonjwa wa faili la mtumiaji: kulifuta. Ukilifuta, mtu akiingia tena seva inamkatia nakala mpya, tatizo linaondoka, nawe unaonekana bingwa. Ni dawa ya dakika tano. Lakini faili lililofutwa ndilo lililokuwa shahidi wa mtu. Ukilifuta kabla ya kulisoma, umeitibu mashine na kumwacha mtu na tuhuma zake, kwa kuwa kuanzia leo makosa yatakoma na watu watasema, "Mnaona? Tulipomtishia, ameacha." Kwa hiyo nawaambia vijana wanaojifunza kwangu: usifute kamwe. Libadilishe jina, liweke kando, andika tarehe, ndipo utengeneze. Hilo ni gharama ya nafasi kidogo katika mashine. Na kurekebisha faili la mtu mmoja hakutoshi. Panda juu mlimani utazame mfano, maana kesho ataajiriwa mwingine.

Mara nyingi ninapofika Liuli hukumbuka jambo lililotokea katika bandari hiyo, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen. Tarehe 13 Agosti 1914, meli ya Waingereza iitwayo Guendolen, chini ya Kapteni Rhoades, iliishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Inasimuliwa kwamba Kapteni Berndt, Mjerumani, alikwenda kwa mtumbwi hadi kwenye meli ya Rhoades, amejaa hasira, akimwuliza rafiki yake kama amelewa. Habari za vita zilikuwa hazijamfikia. Berndt hakuwa mjinga wala hakuwa mzembe. Alikuwa anatenda sawasawa kabisa kwa maandishi ya jana, hali wenzake wamekwisha kupewa ya leo. Ndivyo alivyokuwa mama yule, na ndivyo tulivyo wengi wetu katika jambo hili au lile.

Kwa maana mafaili haya hayapo katika kompyuta tu. Mwalimu wa darasa la pili anasema, "Huyu mtoto ni mzito," na neno hilo linakwenda naye darasa la tatu kabla yeye hajaketi. Mkwe anaingia nyumbani na sifa aliyopewa na shangazi. Kijana anatoka kijiji chenye jina baya, na jina linamtangulia mjini. Kila aendako anapokewa kwa mujibu wa maandishi hayo, naye kwa kupokewa hivyo anajibu hivyo, na watu wanasema, "Tulijua." Wamebadilisha mahali, wamebadilisha watu, na bado kosa linamfuata. Hawakumfikiria Majaribio. Hawakujiuliza: je, tungemchukua mtoto mwingine yeyote tukamwandikia maneno haya haya, angekuwaje?

Mama yule alisafishwa, lakini namna alivyosafishwa haikunipendeza, na ni haki niiseme. Alishtakiwa mbele ya kikao, makarani wote wakiwapo na wakulima wakisikiliza dirishani. Alisafishwa ofisini kwa mwenyekiti, mlango umefungwa, kwa maneno mawili matatu ya heshima. Fedha zilionekana zote, ripoti ikachapishwa upya, na kazi ikaendelea. Lakini faili la tarehe lilirekebishwa siku ile. Lile lililo katika vichwa vya watu halikuguswa. Msimu uliofuata alirudi kwao ziwani, na nilisikia mkulima mmoja akisema, "Yule wa kahawa iliyopotea." Kahawa haikupotea hata kilo moja.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, nina mashauri mawili tu. Kwanza, kabla ya kusema kosa ni la mtu kwa kuwa linamfuata, tafuta kilichoandikwa juu yake, na uulize kimeandikwa na nani, na je, yeye amewahi kukisoma. Pili, ukigundua kwamba hana hatia, mwambie hivyo pale pale ulipomshtakia, mbele ya watu wale wale, kwa sauti ile ile. Ukitaka kufanya zaidi, nenda ukarekebishe mfano.